Mwaka ambao Mwadi alikataa kuanguka

Katika kilio cha Papa Banza, mwezi uliopita, wanaume walikaa chini ya turubai la bluu wakimsubiri mchungaji, na kwa kuwa mchungaji alichelewa, wakaanza kuzungumza mieleka. Kijana mmoja alikuwa amepakua kwenye simu pambano kubwa la Jumapili iliyotangulia, lile ambalo Wamarekani hulilipia wakaliangalia wakiwa majumbani mwao, na simu ikapita mkono kwa mkono kama kitabu cha nyimbo. Mmoja akasema bingwa ameibiwa. Mwingine akasema bingwa amezeeka, aende akalime mihogo. Kisha nikasikia sauti ya Monga, ambaye zamani alikuwa mfunga breki kwenye treni za mizigo na sasa anatembea kwa fimbo, nikajua mazungumzo yanaelekea wapi. “Aka! Bile byote bya bure,” alisema. “Minyi nilionaka catch ya kweli hapa hapa Kamina, na macho yangu mbili.” Vijana wakasogeza viti vyao vya plastiki. Sauti zikashuka, kwa sababu mwanamke aliyekuwa anasemwa alikuwa upande wa pili wa ua, ameinama juu ya beseni la sombe pamoja na wamama wengine, na mikono yake mikubwa ilikuwa inakamua majani ya muhogo bila haraka. “Alikuwa na kintu, dawa,” mmoja alinong’ona. “Hapana, balipanga,” akajibu mwingine. “Munyamaze, iko anasikia!” Na kweli alikuwa anasikia. Aliinua kichwa, akaniangalia mimi, si wao, kisha akaendelea kukamua.

Watu wa mji huu wamekuwa na maoni juu ya Mwadi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki hata mmoja aliyemuuliza yeye mwenyewe. Kazi yangu ni kukusanya maoni. Nimefanya hivyo maisha yangu yote kwenye redio, juu ya bei ya mahindi, juu ya barabara ya Kaniama, juu ya kila uchaguzi, na nilianza na catch, kama tunavyoiita mieleka hapa. Lakini mwaka ule mimi nilikuwa na kitu ambacho mashabiki hawakuwa nacho: nilikaa mezani na watu waliopigana, siku moja kabla ya kupigana, nikasikia walichoambiana. Papa Banza, aliyekuwa nasi katika chumba hicho, amezikwa. Mama Radi, aliyepigana na Mwadi, alitangulia. Tumebaki Mwadi na mimi, na jioni ile ya kilio, tulipokuwa tunaosha sahani, aliniambia kwa sauti yake ya mwalimu darasani: “Ngoie, weye unajua kuandika. Andika sasa, mbele wote tuishe.”

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimepata diploma ya sekondari na kinasa sauti cha kuazima, na redio ya mji ilikuwa imenipa kipindi cha Jumatatu alasiri ambacho hakuna mwingine aliyekitaka: maoni ya mashabiki wa mieleka. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwenye sinema ya Papa Banza. Yeye alikuwa mstaafu wa reli, mtu mwembamba mwenye kofia ya bluu ambayo hakuivua hata kanisani, na sinema yake ilikuwa ghala la zamani lenye kuta zilizotiwa weusi na moshi wa jenereta. Mbele palikuwa na televisheni mbili zilizowekwa juu ya mapipa. Katikati palikuwa na njia. Upande wa kushoto wa njia walikaa wafuasi wa mpiganaji mmoja mnene ambaye jina lake la Kiingereza halikutuingia mdomoni, hivyo mji ulimpa jina la Lokomotivi. Upande wa kulia walikaa wafuasi wa mpinzani wake, aliyeingia ulingoni na koti jeupe na mkoba, na ambaye tulimwita Dokta. Ulikaa upande wako hata kama upande wa pili ulikuwa na benchi tupu. Mume na mke waliingia pamoja, wakaachana mlangoni.

Pambano kubwa la mwaka lilitufikia kwa treni kutoka Lubumbashi, kwenye diski ndani ya bahasha, wakati dunia yote ilikuwa imeshalisahau. Mwaka ule Dokta alimshinda Lokomotivi kwa kitambaa chenye dawa. Alikitoa mkobani wakati mwamuzi anaangalia kwingine, akakibandika kwenye pua ya Lokomotivi, na yule mwili mkubwa ukalegea, ukaenda chini. Ghala lilisimama lote. Nilisukuma kinasa sauti changu mbele ya Monga, ambaye alikuwa mkubwa wa upande wa kushoto, na mate yake yakanifika usoni. “Lokomotivi hakushindwa!” alipiga kelele. “Uandike vile, Journaliste! Muntu akianguka juu ya nguvu, ameshindwa. Akianguka juu ya dawa, amelogwa. Haina kintu kimoja!” Kutoka upande wa kulia, Mama Kalumba, aliyeuza mikate ya mafuta mbele ya stesheni na ambaye hakumwogopa mtu yeyote, alimjibu akiwa bado anatafuna karanga: “Dawa ya bazungu inaitwaka sayansi, weye Monga. Lokomotivi yako alale tu. Amechoka na kuvuta mabehewa.” Watu walicheka mpaka Papa Banza akazima jenereta ili watoke. Nilirusha maneno yale Jumatatu, na wiki nzima watu walibishana sokoni juu ya jambo lile lile: anayeanguka kwa nguvu na anayeanguka kwa dawa. Ninaliweka wazi hapa kwa sababu baadaye ndilo lililokuja kumkaba Mwadi. Katika mji wetu, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwadi alikaa upande wa kulia, benchi la nyuma, mgongo umenyooka. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, ingawa hatukuwa ndugu. Tuliimba kwaya moja. Siku za kazi alifundisha darasa la kwanza kwenye shule ya misheni, na watoto walimpenda kwa namna ya kuogopesha: walimfuata mpaka mlangoni kwake na kumkabidhi meno yao yaliyong’oka. Jioni alifunga kitambaa kichwani, akavaa suruali ya kaka yake, akaenda uani kwa Papa Banza, ambako vijana wa reli walikuwa wamemwaga maranda ya mbao ndani ya kamba nne. Kwenye diski zile huwa kuna pambano moja la wanawake, fupi, ambalo wanaume wengi hulitumia kwenda kukojoa. Mwadi aliliangalia bila kupepesa macho, na mikono yake ikajongea mapajani kama ya mtu anayejifunza kusuka. Ndani ya mwaka mmoja hakuna kijana wa uani pale aliyeweza kumweka chini bila ridhaa yake.

Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Direkteri, aliyajua hayo. Alikuwa mtu wa haki na wa woga, kwa vipimo sawa. Alimwita Mwadi ofisini, nami nilikuwa barazani nikingoja taarifa ya mtihani kwa ajili ya redio, na mlango haukufungwa. “Madame Mwadi, mchezo si dhambi,” alisema kwa Kiswahili chake cha mimbari. “Hata mimi nilicheza mpira. Lakini hawa wapiganaji wa Lubumbashi wanaleta mambo ya dawa. Mchezo, ndiyo. Dawa, hapana. Mzazi akija kwangu kusema mwalimu wa mtoto wake ameguswa na vitu vile, sitakuwa na neno la kumjibu. Nitaweka mwingine darasani.” Mwadi akajibu, “Nimesikia, Direkteri.” Alipotoka alikuwa anatabasamu. Aliona amepewa ruhusa. Mimi niliona amepewa onyo.

Mama Radi aliteremka kwenye treni Alhamisi moja ya kiangazi. Papa Banza alikuwa amemwalika kutoka Lubumbashi kwa pambano la moja kwa moja dhidi ya Mwadi kwenye uwanja nyuma ya ghala, la kulipia mlangoni, na sisi mjini tulikuwa tumeona picha zake tu: uso uliopakwa majivu, shuka jekundu, mkono umeinuliwa. Alijulikana kwa kitu kimoja. Alitia mkono kwenye kifuko kiunoni, akapuliza unga wa kijivu, na mpinzani akaanguka kama aliyepigwa na radi. Ijumaa walimtembeza mji mzima nyuma ya pikapu pamoja na ngoma na tarumbeta. Alisimama wima akielekeza kidole kwenye nyumba, na wamama wakawaingiza watoto ndani. Mbele ya shule ya misheni pikapu ilipunguza mwendo. Akapiga kelele: “Iko wapi ule mwalimu? Mumuambie alale leo muzuri. Kesho ataamukia chini!” Nilikuwa kando ya barabara na kinasa sauti. Watu walishangilia na papo hapo wakarudi nyuma hatua, wote pamoja.

Saa sita mchana, Mama Radi yule yule alikuwa amekaa kwenye chumba cha nyuma cha Papa Banza, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anakohoa. Bila majivu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa upole na goti lililovimba. Chumba kilikuwa na meza moja, kalenda ya zamani, na dirisha dogo ambalo Papa Banza alikuwa amelifunga kwa gunia ili mashabiki wasichungulie. Tulikula bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa chumvi. Mwadi alinawa, akakaa mbele yake, akasema moja kwa moja kile alichokuwa amekuja kusema. “Mama, minyi sina na matata ya kupigwa. Munibebe, munitupe, munilalie juu mpaka arbitre ahesabu tatu. Nitaanguka na mukono yenu. Na pudre sitaanguka.”

Mama Radi aliendelea kutafuna. Kisha akafungua kifuko chake, akamimina pudre yake kidogo juu ya meza, karibu na sahani. “Onja,” alisema. Mwadi alionja kwa ncha ya ulimi. Nami nikaonja. Ulikuwa unga wa muhogo na majivu kidogo ya kuni. “Kama mule iko dawa,” alisema Mama Radi akionyesha bukari yetu, “basi sisi wote tumeshakula na tumeshiba.” Alicheka, kikohozi kikamkata. “Mutoto yangu, sikia. Catch njo vile. Tunapanga. Hata bazungu beko napanga. Lakini bantu habalipe kuona nguvu yangu, nguvu haiko tena, angalia goti. Beko nalipa kuona pudre. Kesho pudre ikikataa hapa, kesho kutwa habari iko Luena mbele minyi sijafika. Nani atanilipa Luena? Nani Kaniama?”

“Na minyi nikianguka na pudre,” alisema Mwadi, “Jumatatu bazazi banakamata batoto yabo, banaenda nabo. Batasema nimelogwa. Direkteri alishanipa neno. Ile darasa njo maisha yangu, Mama.”

“Ubaambie ni bunga.”

“Nikisema ni bunga, nimewaharibia nyinyi. Na hata habataamini.”

Papa Banza, aliyekuwa ameegemea mlango na kofia yake, aliangalia kutoka uso mmoja mpaka mwingine kama mtu anayesubiri treni mbili kwenye reli moja. Tiketi zilikuwa zimekwisha. “Mama, yaya, mupatane,” alisema. “Mungu anaangalia.” Hawakupatana. Mama Radi alikusanya ule unga kwa makali ya kiganja, akaurudisha kifukoni mpaka chembe ya mwisho, na akasema tu, “Tutaonana mu ringi.” Hakulisema kwa hasira. Mwadi aliondoka bila kumaliza samaki. Nilimfuata njiani, nikiwa nimeelewa kwamba wanawake wawili wema wamekaa meza moja, na kesho mmoja wao atamla mwenzake.

Jumamosi alasiri watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mabati ya ghala. Upande wa kushoto na wa kulia walikuwa wamekaa vile vile, kwa mazoea, hata kama Lokomotivi na Dokta walikuwa mbali kuvuka bahari. Dakika za kwanza zilikuwa nzuri. Mwadi alimkamata Mama Radi kiuno, Mama Radi akateleza kwa ujuzi wa miaka, wakazunguka, wakaanguka, wakainuka na maranda kwenye nywele. Niliona Mama Radi anavyolilinda goti lile, na niliona Mwadi analikwepa kwa makusudi. Shabiki mmoja akapiga kelele, “Madame, mupige bic nyekundu ya kusahihisha!” na kicheko kikapita uwanjani. Kisha Mama Radi akarudi kwenye kona yake, akainua mkono wa kushoto, na wa kulia ukashuka kiunoni. Tarumbeta zikanyamaza. Ulimsikia mtoto mchanga akilia nje ya ukuta.

Alipuliza. Unga ulimfunika Mwadi uso na kifua. Alifumba macho, akayafumbua, akabaki amesimama. Watu walivuta pumzi na hawakuiachia. Mama Radi alisubiri. Nilikuwa karibu na kamba kiasi cha kumsikia akinena bila kufungua midomo, “Anguka, mutoto. Anguka.” Mwadi alitikisa kichwa, kidogo sana. Mama Radi akapuliza mara ya pili, akipiga mguu chini kwa kishindo, na mara ya tatu. Mwadi alisimama katikati ya ulingo, mweupe kama ukuta, machozi yakimchimbia mifereji miwili mashavuni, kwa maana majivu huwasha. Nyuma mtu alianza kuguna. Mguno ule nimeusikia tena kwenye mikutano ya siasa: ni sauti ya watu wanaoanza kufikiri wameibiwa. Mama Radi aliusikia kabla yangu. Nilimwona anahesabu kichwani, mtu wa kazi yake. Ndipo akatoa ukelele wa hofu ambao sitausahau, akaangusha kifuko, akarudi kinyumenyume mpaka kamba zikamshika, akamwelekezea Mwadi kidole kinachotetemeka na kusema, “Huyu iko na dawa yake! Iko na ya kupita yangu!” Akapita chini ya kamba, akakimbia akichechemea kupitia katikati ya watu, nao wakafungua njia kama wanavyofungulia moto.

Baadaye, ndani ya chumba kile cha nyuma, alikuwa anajifuta uso na ameridhika kweli. “Umeona?” alimwambia Mwadi. “Nimekupa ushindi. Na minyi nimeponyesha kazi: Luena nitasema nilikutana na mwenye kupita. Batalipa mara mbili juu ya kuona kama nguvu imerudi.” Alikuwa amempa alichokuwa nacho, zawadi ya fundi kwa fundi. Mwadi alikuwa amekaa kwenye kigoda, unga bado kwenye nyusi, anasikiliza watu wanaoimba jina lake nje ya dirisha lenye gunia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa hukumu. Mji wetu unaogopa anayeanguka kwa dawa, lakini kuna mmoja unayemwogopa zaidi, naye ni yule ambaye dawa inamkimbia.

Jumapili, kwenye benchi la sauti ya pili, Mwadi aliimba akiwa na nafasi tupu kila upande. Mimi nilisogea kumkaribia, na mama mmoja akanivuta gauni. Nilikusanya maoni mbele ya ghala kama kawaida, na kila moja lilikuwa jiwe. Monga alikuwa analia kwa furaha: “Ule binti ya Bametodisti! Tulizania beko na Biblia tu! Journaliste, andika: hakuna wa kumugusa, kutoka hapa mpaka Sanga!” Mama Kalumba peke yake aligeuza mkate kwenye mafuta na kusema hakuona chochote zaidi ya mwanamke mkaidi aliyetiwa unga. “Minyi nafanya kazi na bunga kila asubui. Ninajua bunga.” Walimcheka. Jumatatu nilimuuliza Mwadi, mbele ya kinasa sauti kilichozimwa, kama nirushe ukweli: meza, sahani, muhogo na majivu. Nilikuwa kijana, na nilifikiri ukweli ni kama maji, ukiumwaga unaosha. Alikataa. “Mama Radi iko Luena leo,” alisema. “Kiisha anapita Kaniama. Goti yake imeisha, Ngoie. Hata utasema, batajibu: njo vile balogi basemaka, ni bunga tu.” Sikurusha kitu. Nilipiga nyimbo.

Darasani, Jumatatu ile, mabenchi ya mbele yalikuwa wazi. Jumanne yalikuwa wazi na ya katikati. Watoto wa makarani hawakuja, watoto wa walimu wenzake hawakuja, na waliokuja waliandika wakiwa wamejibana ukutani, hawampi meno wala daftari mkononi. Waliweka mezani na kukimbia. Jumatano baba mmoja, mtu mwenye heshima, shemasi, alimwambia Direkteri kwamba hana ugomvi na Madame, anampigia saluti, ila mtoto wake ana homa nyepesi na hawezi kukaa karibu na nguvu kama ile. Direkteri alifanya alichokuwa amesema atafanya. Alitangaza kuwa Ijumaa asubuhi atafika mwenyewe darasani pamoja na wazazi wanaotaka, wataangalia, na kama watoto hawatarudi, Jumatatu atakuwepo mwalimu mwingine. Mwadi alisema, “Nimesikia, Direkteri,” kama mara ya kwanza, lakini safari hii hakutabasamu. Alhamisi alirudi nyumbani mapema. Nilimkuta jikoni anasafisha mchele uliokuwa tayari safi.

Ijumaa nilisimama barazani, dirishani, kati ya wazazi. Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, na wengi walikuwa wamewaleta watoto wao wakiwa wamevaa sare, wamewashika mikono kwa nguvu. Ndani walikuwemo wachache, na kati yao msichana wa Mama Kalumba, mwenye pengo la meno mawili mbele, ambaye mama yake hakumkosesha hata siku moja. Direkteri alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mwadi aliandika tarakimu ubaoni kwa mwandiko wake wa mviringo. Aliwauliza ni ngapi, kwa sauti kavu. Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena, na mtoto mmoja akajibu kwa kunong’ona akiangalia sakafu. Nyuma yangu shemasi alisema polepole, “Munaona.” Direkteri alitoa saa mfukoni, akaiangalia, na nilijua kwamba ameshaamua.

Mwadi aligeuka kufuta ubao. Kitambaa kilikuwa kikavu, na chaki ya wiki nzima ilikuwa humo. Alipokipiga mara moja kwenye kiganja, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, vumbi jeupe lilipanda mbele ya uso wake na kuelea kwenye mwanga wa dirisha, likawaelekea watoto. Wakaruka wote kutoka kwenye mabenchi mpaka ukuta wa nyuma. Benchi moja likapinduka. Nje, wazazi wakarudi hatua nyuma, mimi pia, nakiri mwili wangu ulirudi kabla sijaufikiria. Mwadi alibaki na kitambaa mkononi. Alitazama vumbi lile, akatazama watoto.

Msichana wa Mama Kalumba ndiye aliyetoka ukutani. Alitembea mpaka katikati ya darasa, ndani ya vumbi, akamtazama Madame kwa macho ya uchokozi. Akainua mikono yote miwili, akatoa macho, akalegea magoti kama alivyoona watu wanavyofanya kwenye ghala la Papa Banza, akajitupa chali sakafuni, puu, na kulala hapo amekufa, ulimi nje ya lile pengo. Kisha mtoto mwingine akaanguka. Kisha wawili. Kisha darasa zima likaanguka, mmoja juu ya mwingine, wakicheka mpaka wakapaliwa, na sare nyeupe zikawa za kijivu. Nyuma yangu nilisikia mvutano, sauti ya shemasi ikisema “We! We!”, na mtoto wake alikuwa ameshachomoa mkono, amepita chini ya kwapa la Direkteri, naye akajilaza mlangoni kabisa, macho yamefumbwa, anangoja. Wengine wakamfuata. Wazazi walibaki wameshika hewa.

Mwadi alipiga magoti. Alipiga sakafu kwa kiganja chake kikubwa, kama mwamuzi.

“Moja!” alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. “Mbili!” Watoto walijikaza wasicheke. “Tatu!”

Wakasimama wote kwa mara moja, wakipiga kelele za ushindi.

“Muzuri,” alisema Madame Mwadi, akainuka na kujifuta magoti. “Sasa mukae. Tutaendelea na ine, mpaka kumi.”

Walikaa, waliokuwemo na walioingia, wakasongamana kwenye mabenchi ya mbele. Direkteri alitutazama sisi tuliokuwa nje, mmoja mmoja, mpaka kwa shemasi. Kisha akarudisha saa mfukoni, akauvuta mlango taratibu, akaufunga.